Bryce Young au C.J. Stroud: drafti ya NFL 2023

Katika drafti, timu za NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, huchagua wachezaji wapya kwa zamu. Kupanda kutoka nafasi ya 9 hadi ya 1, Carolina Panthers waliwapa Chicago Bears mchezaji D.J. Moore na nafasi nne za kuchagua wachezaji. Bei ya kukaba roho.

Wote wawili ni quarterback, mrusha pasi anayeongoza mashambulizi. Young wa Chuo Kikuu cha Alabama anausoma ulinzi haraka, lakini ana sm 178 tu: ukuta wa wenzake wanaomlinda ukisukumwa nyuma, katikati ya uwanja hapaoni. Stroud wa Chuo Kikuu cha Ohio State ana sm 190 na pasi zilizonyooka. Wakosoaji walidai hakimbii, lakini dhidi ya timu ya Chuo Kikuu cha Georgia alikimbia, akatupa pasi za yadi 348 na tachidauni 4 (kufunga kwa kufikisha mpira mwisho wa uwanja). Kisha ukavuma uvumi wa alama duni katika jaribio la kompyuta, akashuka katika makadirio ya drafti. Kompyuta ishinde video za mechi?

Panthers walimchukua Young. Wakamaliza na ushindi 2 na vipigo 15, na nafasi yao ya drafti ya 2024, namba 1, moja ya zile nne, ilikuwa tayari ya Bears.