TAHADHARI: Usimwachie mkodisha skuta pasipoti yako visiwani Thailand

Wenzangu mnaopanga safari ya Thailand, na hasa nyinyi mnaokwenda Bangkok kuchukua nguo soko la Pratunam kisha mnajiongezea siku za kupumzika baharini, someni hili kabla hamjakata tikiti ya boti. Kuna wakodisha skuta visiwani wanaojipatia riziki kwa kuwatoza wageni fidia ya mikwaruzo ya zamani. Hawakutishi kwa rungu wala kisu. Wanakutisha kwa pasipoti yako mwenyewe, ambayo umewakabidhi kwa mkono wako na sasa imefungiwa kwenye droo yao.

Sisi yalitukuta Koh Phangan. Mchezo huohuo unachezwa Koh Tao, Koh Samui na Phuket, na waliowahi kukodi jet ski kwenye fukwe za Phuket na Pattaya wanaujua vizuri, maana ni utapeli wa ukoo mmoja.

Niseme kwanza kwamba skuta kisiwani ni kitu kizuri na sitaki mtu aogope kutembea. Koh Phangan hakuna basi la kawaida. Kuna songthaew, zile pikapu zenye mabenchi mawili nyuma, na ukiwa peke yako dereva anakutajia bei ya kukufanya ushuke. Ukiwa na skuta, kisiwa chote ni chako: unatoka gatini Thong Sala asubuhi, unapita katikati ya minazi hadi Chaloklum kijiji cha wavuvi, unateremka Mae Haad ambako maji yakitoka unavuka kwa miguu juu ya ulimi wa mchanga hadi kisiwa kidogo cha Koh Ma. Siku ya pili unapanda upande wa mashariki hadi Than Sadet, kwenye maporomoko ambayo Mfalme Chulalongkorn aliyapenda akachonga herufi za jina lake kwenye mwamba. Na kwa sisi kuna nafuu moja zaidi: Thailand wanaendesha kushoto kama nyumbani. Honda Click au Scoopy unaipata kwa baht 200 hadi 300 kwa siku, na baht moja ni kama shilingi nne za Kenya. Ndiyo maana kila mtu anakodi, na ndiyo maana matapeli wamekaa palepale boti zinapofunga.

Mimi na mume wangu tulichukua skuta yetu kwa mama mwenye nyumba tuliyolala. Alichukua baht 3,000 taslimu kama amana na nakala ya pasipoti, basi. Shemeji yangu alikuwa ametangulia siku moja, na duka alilolikuta karibu na gati lilimwambia pasipoti yenyewe au hakuna skuta. Jua linawaka, mizigo begani, nyuma yake foleni ya vijana wa Kizungu wote wameshika pasipoti mkononi. Akatoa. Mwenye duka akaitia kwenye bahasha, akaandika namba ya skuta juu yake, akamsainisha karatasi yenye Kithai na Kiingereza kidogo, akampa ufunguo. Skuta yenyewe ilikuwa na vumbi toka taa ya mbele hadi ekzosi.

Siku ya kurudisha tulikwenda sote watatu, saa moja hivi kabla ya boti ya kwenda Donsak, bandari ya upande wa bara. Mwenye duka, ambaye siku ya kukodisha hakuitazama skuta hata mara mbili, sasa alikuja na ndoo ya maji na kitambaa. Akaiosha taratibu, kipande kwa kipande. Kisha akapiga magoti, akawasha tochi ya simu, akaanza kupitisha ukucha chini ya bodi ya plastiki pale miguu inapokaa. Kila ukucha ulipokwama anatia alama kwa chaki. Alipomaliza kulikuwa na chaki sita: chini ya bodi, kwenye madigadi ya mbele, kwenye ncha ya breki, kwenye kioo cha pembeni, mbili kwenye kifuniko cha ekzosi. Mkwaruzo wa madigadi niliuangalia kwa karibu mwenyewe. Ulikuwa umepakwa rangi nyeusi ya kalamu nene, na maji ya ndoo ndiyo yaliyoanza kuitoa. Mkwaruzo wa juzi haupakwi kalamu na mgeni aliyekuwa ufukweni.

Akaingia ndani akatoka na orodha ya bei iliyowekewa plastiki, imechapwa vizuri, ina picha ya skuta na mishale. Kila kipande kina bei yake, na hakuna mahali palipoandikwa kupaka rangi au kurekebisha: kila kitu ni kubadilisha. Jumla baht 18,000. Hiyo ni kama shilingi 70,000 za Kenya kwa mikwaruzo ambayo ukiweka kidole gumba juu yake inapotea.

Shemeji alianza kupandisha sauti. Nilimshika mkono nikamwambia, "Shemeji, tulia kwanza, huyu anangoja ukasirike." Na ni kweli alikuwa anangoja. Alikuwa amekaa kwenye kiti, anatazama saa ya ukutani, anatukumbusha kwa upole mkubwa kwamba boti haichelewi.

Hapo ndipo nilipouelewa mchezo wote. Dai la 18,000 peke yake halina nguvu yoyote. Kama angekuwa ameshika baht 3,000 za amana, ungemwambia bwana zichukue, nenda kwa heri. Lakini anajua una boti leo, una ndege Samui au Surat Thani kesho, na bila pasipoti huendi popote. Kwa hiyo hujadili bei ya plastiki, unajadili bei ya safari yako yote ya kurudi nyumbani. Ndiyo maana ukaguzi haufanywi asubuhi siku ya kukodi, unafanywa saa ya mwisho. Ndiyo maana skuta inatolewa ikiwa na vumbi na inapokewa kwa ndoo ya maji. Na ndiyo maana bodi hiyohiyo ya plastiki haibadilishwi kamwe baada ya mgeni kulipa. Inasubiri mgeni anayefuata.

Kilichotusaidia ni picha. Shemeji alikuwa amejipiga picha mbele ya duka siku ile ya kwanza, amekaa juu ya skuta kwa furaha zake, na ukiivuta picha ile mkwaruzo wa madigadi unaonekana waziwazi. Tukamwonyesha. Akasema sawa, huo nautoa, lakini ile mitano mingine bado. Tukapiga 1155, namba ya polisi wa utalii, ambao wanasikia Kiingereza. Ofisa alikuja, akaongea na mwenye duka kwa Kithai muda mrefu, akatugeukia akasema tupatane. Hakumkamata mtu na wala msitegemee hilo, kwa sababu kuna karatasi iliyosainiwa na polisi wanauona huu kuwa mgogoro wa mkataba. Lakini kuja kwake tu kuliishusha ile 18,000 hadi 4,000. Boti ilikuwa imeshaondoka, tikiti zimepotea, tukalala usiku mwingine ambao hatukuupanga.

Silitaji duka. Leo ni hili, mwakani litabadilisha kibao, na ubaya uko kwenye mtindo wenyewe wa kushika pasipoti. Tena si haki kuwapaka wote tope: mama aliyetukodisha sisi aliikagua skuta yake kwa dakika mbili, akacheka kwa mchanga tulioujaza chini ya kiti, akaturudishia noti zetu zilezile. Visiwani kuna wengi kama yeye. Unachotafuta ni mtu wa namna hiyo.

Kwa hiyo ukifika, usikodi gatini ukiwa na mizigo. Panda songthaew hadi unapolala, pumzika, ndipo uulize. Swali la kwanza liwe amana, bei ije baadaye. Sema unatoa fedha taslimu na nakala ya pasipoti. Akikataa, mshukuru uende duka la pili, la tatu, la nne, wapo wanaokubali. Usidanganyike na kauli kwamba maduka yote wanafanya hivyo. Serikali ya Uingereza imewaandikia raia wake waziwazi kwamba wasiache pasipoti kama dhamana wanapokodi pikipiki Thailand, na wao ndio miongoni mwa wageni wanaojaa kwenye visiwa hivyo. Na amana yenyewe isiwe kubwa mno, kwa sababu anayeshika baht 20,000 taslimu hana tofauti na anayeshika pasipoti.

Kisha omba skuta ioshwe kabla hujaichukua. Ndiyo, mwambie aimwagie maji mbele yako. Atakayekataa kumwaga ndoo moja ya maji amekwisha kukujibu. Ikishaoshwa, ifanyie video mchana kweupe, pole pole, usiruke kitu: madigadi, vioo, ncha za breki na mpini, ekzosi, rimu, na hasa chini ya bodi, inama kabisa uweke simu huko chini, maana huko ndiko wanakochimba. Mwenye duka naye aonekane ndani ya video akiwa amesimama hapo. Halafu fanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: mtumie video hiyo mwenyewe palepale kwa LINE, programu ya ujumbe ambayo Thailand karibu kila mtu anayo. Sasa tarehe na saa ziko kwenye simu yake, si yako tu. Sijui tapeli gani atakayetoa chaki baada ya hapo.

Kuna hadaa nyingine ndogo ndogo. Wapo wanaoshutumiwa kutumia ufunguo wa akiba: skuta inatoweka usiku ulipoiegesha, kisha unadaiwa bei ya skuta mpya. Nunua kufuli yako ya tairi, si ghali, na uiegeshe ndani ya ua wa unapolala. Soma pia saa ya kurudisha, kwa sababu wengine wanahesabu siku nzima ukichelewa kidogo.

Neno "insurance" kwenye vibao vyao nalo liangalieni kwa macho mawili. Mara nyingi wanamaanisha por ror bor, bima ya lazima ya serikali. Hiyo inahusu kuumia au kufa kwa watu. Hailipi plastiki ya skuta, wala hailipi skuta iliyoibwa, na hata matibabu yenyewe ina kikomo ambacho hospitali binafsi ya kisiwani inakipita haraka sana. Muulize: nikiivunja, bima inalipa nini na mimi nalipa nini? Aandike kwenye karatasi.

Na bima yako ya safari uliyonunua nyumbani nayo ina masharti. Skuta ya cc 125 ni pikipiki. Kama leseni yako ya Kenya ina daraja la gari tu, ile leseni ya kimataifa inayotolewa na AA Kenya haitakuongezea daraja usilonalo. Inanakili yaliyomo kwenye leseni yako. Bila daraja la A, yaani la pikipiki, polisi wa vizuizi vya barabarani wanakutoza faini, na hilo ni dogo. Kubwa ni kwamba ukianguka kampuni ya bima ina sababu ya kukataa kulipa. Barabara ya Thong Sala kwenda Haad Rin ina vilima vya zege vilivyosimama wima, na mchanga umetapakaa kwenye kona. Shirika la Afya Duniani katika ripoti yake ya 2018 lilionyesha kwamba karibu robo tatu ya wanaokufa barabarani Thailand ni watu wa pikipiki na magari ya magurudumu matatu. Kama hujawahi kuendesha pikipiki nyumbani, usijifunzie huko. Helmeti vaa, hata kama huoni mwingine aliyevaa. Bila hiyo faini inaweza kufika baht 2,000.

Mwisho, kwa yule ambaye pasipoti yake iko kwenye droo sasa hivi. Usipige kelele na usimguse mtu, Thailand kelele zinakuharibia wewe. Rudisha skuta asubuhi na mapema, siku moja kabla ya safari, ili saa ya ukutani isiwe upande wake. Nenda na mtu mwingine. Akidai mkwaruzo, mwambie twende pamoja kwa wakala wa Honda au Yamaha tuulize bei ya spea hiyo. Bei ya dukani na ya kwenye orodha yake haziko karibu. Kama kweli ulianguka nayo, lipa ulichoharibu kwa bei hiyo ya wakala. Akigoma kwenda, piga 1155 ukiwa umesimama hapohapo dukani. Mwambie ofisa kwamba pasipoti hiyo ni mali ya Serikali ya Kenya na kwamba utawapigia ubalozi wetu wa Bangkok, kisha wapigie kweli. Namba yao uwe nayo kwenye simu kabla hujatoka nyumbani. Na ukilazimika kulipa chochote, pasipoti iwe mkononi kwanza, fungua uone ni yako na kurasa zote zipo, ndipo uhesabu noti, na udai risiti inayotaja kila kipande ulicholipia.