Neno بابا: mwandiko wa kale au nukta tatu?

Kiswahili kikiandikwa kwa herufi za Kiarabu, p iandikwe vipi? Mwarabu akisoma بابا katika Kiarabu sanifu hupata Papa wa Roma, kwa kuwa alfabeti yake haina p, na herufi ba (ب) hushika nafasi yake. Mwajemi na Mturuki wa enzi za Uthmaniya hupata baba. Kwa Kiurdu, baba au mzee. Ukikuta بَابَ katika barua ya kale ya Kiswahili pale Mikindani au Kilwa Kivinje, pana kazi: ni baba, ni papa wa baharini, au hata pamba, kwani mb nayo mara nyingi iliandikwa kwa ba tupu. Maneno ya jirani ndiyo yaamue.

Hiyo ndiyo njia ya kwanza: ba moja kwa b na kwa p. Njia ya pili huazima herufi pe ya Kiajemi, پ, yenye nukta tatu chini. Papa huwa پَاپَ, na baba hubaki na nukta moja.

Kwa maandishi mapya, chukua nukta tatu. Ukinakili barua ya kale, usiziongeze kamwe: utakuwa umemwamulia msomaji. Usomaji wako uandike pembeni, kwa herufi za Kilatini.

Kwenye simu, kibodi ya Kiajemi ina پ, ila kafu yake, yaani herufi ya k (ک), si ile ya Kiarabu (ك). Ukizichanganya, utafutaji mara nyingi hukosa neno lililo mbele ya macho yako.