Dodoso la Edinburgh kwa wamama wa Bukavu: karatasi nzuri, tafsiri ndiyo inayoiangusha

Dodoso la Edinburgh ni karatasi moja, maswali 10, dakika kama 5. Cox, Holden na Sagovsky walilitunga huko Uskoti na kulichapisha mwaka 1987, na kwa kumgundua mapema mama mwenye sonona (wengi huku husema "ana mawazo mengi") tunalipatia nyota 4 kati ya 5. Gharama ni fotokopi tu: kunakili kunaruhusiwa, mradi majina ya waandishi na chanzo vibaki kwenye kila nakala.

Nguvu yake iko katika yale lisiyouliza. Haligusi uchovu wala hamu ya kula, kwa sababu kila mwenye mtoto mchanga amechoka. Linauliza siku 7 zilizopita: umeweza kucheka, umejilaumu bure, umeogopa, umelia? Kila jibu lina alama 0 hadi 3, jumla 30. Akifika 10, mama afuatiliwe na aulizwe tena baada ya wiki 2. Akifika 13, akae siku hiyohiyo na mtu aliyefundishwa kusikiliza na kuchunguza, maana dodoso peke yake halithibitishi ugonjwa.

Wahudumu, msilitoe siku ya 3 hadi ya 5 baada ya kujifungua. Machozi ya siku hizo ni ya kawaida na kwa wengi hukauka yenyewe ndani ya wiki 2. Siku nzuri ni ya chanjo ya Penta ya kwanza, mtoto akiwa na wiki 6, kwani mama yuko kituoni tayari. Kwa mjamzito, siku ya CPN (kliniki ya wajawazito) inatosha.

Kujumlisha kunawapoteza wengi. Katika swali la 1, la 2 na la 4, alama zinapanda kutoka 0 kwa jibu la juu hadi 3 kwa jibu la chini. Katika 7 yaliyobaki zinashuka kutoka 3 hadi 0. Asiyelijua hilo humrudisha nyumbani mama mgonjwa akiwa na alama ndogo.

Nyota iliyopungua ni ya lugha. Mhudumu akishika nakala ya Kifaransa na kuitafsiri papo hapo, kila mama husomewa dodoso tofauti. Angalia swali la 6. Kifaransa kinasema *dépassée*, mhudumu anasema "mambo yamekupita?", na mama anaelewa kwamba anaulizwa kama amekosa habari za mtaani. Sema "mambo yamekuzidi nguvu?" na uso wake utabadilika. Kaeni pamoja, mkubaliane maneno ya maswali yote 10, myaandike, kisha kila mtu asome hayohayo pamoja na majibu yote manne.

Swali la 4 na la 5 yanauliza wasiwasi na hofu "bila sababu ya maana". Mama wa Kadutu au Bagira, hapa Bukavu, aliyelala akisikia risasi, hasa tangu mapigano yalipofika mjini Februari 2025, atajibu kwamba sababu anayo, na ni kweli. Msibishane naye wala msibadilishe alama. Andikeni maneno yake pembeni, yamsaidie atakayemsikiliza.

Swali la 10, la kutaka kujidhuru, lina sheria yake. Hata akijibu "mara chache sana" na jumla ikiwa 4, asiondoke peke yake: muulizeni waziwazi kama amefikiria njia, na nani yuko naye nyumbani. Jibu la kweli halitoki mama mkwe akiwa amekaa kwenye benchi hilohilo. Mpeni mama mkwe mtoto ampeleke kwenye mizani, nanyi mfunge mlango.

Kuna jambo dodoso hili halishiki kabisa: mama ambaye siku chache baada ya kuzaa hapati usingizi kabisa, anasema maneno yasiyoshikana, anasikia sauti. Huyo asingoje wiki 6 wala karatasi. Apelekwe hospitali saa hiyohiyo pamoja na ndugu. Kwa magonjwa ya akili, Bukavu ina kituo cha SOSAME.