Darasa la Kufinyanga kwa Mkono Jijini Nairobi: Uzoefu Wangu

Matangazo mengi ya madarasa ya ufinyanzi hapa Nairobi huonyesha gurudumu linalozunguka na kusema machache mno kuhusu udongo wenyewe. Darasa nililohudhuria, katika karakana ndogo karibu na Barabara ya Ngong, halitumii gurudumu hata kidogo, na hiyo ndiyo sababu nililichagua. Vifaa ni mikono, kijiti, sifongo na kipande cha kibuyu cha kulainishia kuta za chombo.

Karibu somo lote la kwanza lilikuwa la kukanda. Mwalimu wetu, mama mtu mzima aliyefundishwa kazi hii na nyanya yake huko Nyanza, hakukubali mtu yeyote aanze kuunda chombo kabla udongo wake haujawa laini kwa namna moja tangu nje hadi ndani. Alituchanganyia humo unga wa vigae vilivyosagwa, akatueleza kwamba unga huo hupunguza kusinyaa na kuupa mvuke njia ya kutokea wakati wa kuchomwa. Nilikuwa nimesikia mara nyingi kwamba chungu hupasuka tanurini kwa sababu ya hewa iliyonaswa ndani. Alisisitiza kwamba adui mkubwa ni maji yaliyobaki, ambayo hugeuka mvuke yafikapo nyuzi 100 na kutafuta pa kutokea kwa nguvu. Maelezo hayo pekee yalistahili ada niliyolipa.

Kuunda kulifuata. Kitako hutokana na donge linalofinywa kwa kidole gumba, kisha kuta hupandishwa kwa kamba za udongo zilizoviringishwa, kila kamba ikikwaruzwa na kupakwa uji wa udongo kabla ya kushikamanishwa na ile iliyo chini yake. Asidhani mtu kwamba hii ni njia ya wanagenzi tu: Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka wa 1950 na ambaye kazi zake zinahifadhiwa katika makumbusho makubwa duniani, hujenga vyungu vyake kwa mkono bila gurudumu na kuvisugua hadi ving'ae.

Kilichonifurahisha kuliko yote ni jinsi karakana inavyoheshimu ukaushaji. Vyombo hufunikwa kwa karatasi za plastiki na kuachwa vikauke polepole kivulini, kwani ukingo ukitangulia kukauka kuliko kitako, nyufa haziepukiki. Na katika baridi ya Julai muda huo hurefuka sana, jambo ambalo tuliambiwa waziwazi tangu mwanzo. Udongo husinyaa kwa takriban asilimia 5 hadi 12 tangu ukiwa mbichi mpaka uchomwe, kwa hiyo anayetaka kikombe cha kadiri fulani sharti akiunde kikubwa zaidi.

Tanuri yao ni ya umeme na hupashwa moto kwa utaratibu hadi kufikia takriban nyuzi 1,000. Chombo kinachotoka hapo ni kigumu lakini bado kina vinyweleo, kwa hiyo maji hupenya taratibu. Hiyo ni sifa njema kwa mtungi, kwa kuwa maji yanayovukizwa kupitia kuta zake hupoza yaliyomo, ila haifai kwa kikombe cha chai. Kikombe huhitaji kupakwa glezi, yaani mchanganyiko unaoyeyuka na kuwa kama kioo, kisha kichomwe tena.

Hapa ndipo nina lawama. Ada iliyotangazwa inajumuisha udongo na uchomaji wa kwanza tu, na habari ya malipo ya glezi na uchomaji wa pili tuliipata vyombo vikiwa tayari rafuni. Kiasi chenyewe si kikubwa, lakini mwanafunzi anayepanga bajeti yake ana haki ya kukijua kabla ya kujiandikisha. Vilevile, darasa la siku moja wanalolitoa kando silipendekezi, kwa sababu kukanda hufanywa na wasaidizi na mgeni hukabidhiwa donge lililokwisha kuwa tayari. Mwenye nafasi achukue mfululizo mzima, na aulize gharama ya glezi anapolipa.