Meza ya pool ya sarafu: inafundisha kanuni zipi, inaficha zipi

Kwa wachezaji wengi wa Tanzania na Kenya, shule ya kwanza ya pool ni meza ya sarafu pale baa. Kama chombo cha kujifunzia kanuni za mpira namba nane, tunaipa 3 kati ya 5. Alama mbili tumezikata kwa sababu moja: mpira ukishaingia shimoni, hautoki mpaka ulipe tena.

Faulo inazifundisha vizuri sana. Ukishapata kundi lako la mipira saba, mweupe, yaani mpira unaoupiga kwa fimbo, lazima uanze kugusa mpira wa kundi hilo. Baada ya hapo mpira wowote uingie shimoni, au mpira wowote, hata mweupe wenyewe, uguse ukingo. Wanaoanza husahau hilo la pili. Mtu anausukuma mpira wake taratibu ili kumzibia mwenzake, hakuna kinachofika ukingoni, naye anaona kacheza kwa akili. Hiyo ni faulo, na kwenye meza ndogo mipira ikibanana utaiona mara kwa mara hadi ikukae kichwani.

Kupanga ni rahisi: mweusi, yaani namba nane, katikati ya safu ya tatu, na pembe mbili za nyuma zitofautiane kundi.

Shida inaanzia kwenye kufungua, yaani pigo la kwanza la mchezo. Kwa kanuni za WPA, shirikisho la dunia, mweusi ukiingia hapo bila faulo, aliyefungua anachagua: urudishwe mezani aendelee, au afungue upya. Meza ya sarafu imeshaumeza. Basi baa hii inasema umeshinda, ile inasema umepoteza, na mwanafunzi anaondoka akiamini ndiyo kanuni. Vivyo hivyo "mipigo miwili" ambayo baa humpa mpinzani baada ya faulo: WPA inampa mweupe mkononi, auweke popote mezani. Kubalianeni kabla ya kutia sarafu.

Kagua mweupe pia. Kwenye meza za Kiingereza una kipenyo cha kama milimita 48, wakati mipira mingine ina 51. Tofauti hiyo ndiyo inayoiwezesha meza kuutenga na kuurudisha. Akiweka mtu mweupe wa milimita 51, utamezwa pamoja na mingine. Na ule mdogo, kwa kuwa ni mwepesi, hurudi nyuma kirahisi lakini husita kuufuata mpira uliougonga. Ukihamia meza kubwa ya mipira ya milimita 57, mkono utakusaliti kwa siku kadhaa.

Pool ya 14.1 usiijaribu hapa kabisa. Mchezo huo unataka mipira 14 iliyoingia ipangwe tena huku wa 15 ukibaki mezani.

Dawa ipo: lipia kwa saa, kisha mwombe mwenye meza ruhusa ya kuziba mashimo kwa vitambaa. Mpira unabaki mdomoni mwa shimo, unautoa kwa mkono, na mweusi unarudi mahali pake.