Ramani za Doom: ubaki ndani ya mipaka ya 1993 au uiondoe?

Doom, mchezo wa kompyuta wa kupiga risasi, ulipotoka Desemba 1993, watengenezaji wake id Software walihifadhi ramani kwenye mafaili ya WAD, kando na programu yenyewe. Mashabiki wakapata upenyo. 1994 tayari walikuwa na DEU, programu ya kuchorea ramani zao wenyewe.

Leo mchoraji ana njia mbili. Ya kwanza ni kufuata injini ya zamani, yaani programu ya awali inayoendesha mchezo: vipande vya sakafu na dari vinavyoonekana kwa pamoja vikizidi 128, mchezo unakatika na kukurudisha DOS, mfumo endeshi wa kompyuta za wakati huo. Kwa hiyo unapinda korido, unapunguza madirisha, unaziba upeo wa macho kwa ukuta. Ya pili ilifunguka msimbo chanzo wa mchezo ulipotolewa kwa umma Desemba 1997. Boom ya 1998, injini iliyoboreshwa na mashabiki, ikaondoa mipaka hiyo, na sasa kuna ramani kama za mkusanyiko wa Sunder: kumbi kubwa mno, mazimwi kwa mamia.

Uhuru huo mtamu, lakini anayeanza ningemshauri ashike ya kwanza. Back to Saturn X, mkusanyiko wa ramani za mashabiki, inachezeka kwenye injini ya zamani, na kwangu inazipita kwa uzuri ramani nyingi zisizo na kikomo. Ila kama unataka kupambana na jeshi zima, chukua ya pili bila kusita.