Vim na alama ya sawasawa iliyozuia folda zangu: uzoefu wangu

Natumia Vim, programu ya kuhariri maandishi, kutwa nzima. Kazi yangu ni kuhudumia seva za Linux, na karibu kila seva unayoingia kwa SSH (njia ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali) utaikuta Vim au ndugu yake vi, kwa hiyo vidole vimeshazoea. Ninachokipenda zaidi humo ni kukamilishiwa majina ya folda. Unaandika mwanzo wa njia, unabonyeza Ctrl-X kisha Ctrl-F, na unaletewa orodha ya folda na faili zinazoanza na herufi hizo. Huna haja ya kukariri njia ndefu, wala hukosei herufi moja kwenye skripti, yaani faili la amri, itakayojiendesha usiku wewe ukiwa umelala.

Ndiyo maana iliniudhi sana ilipogoma. Nilikuwa naandika skripti ya kunakili logi (kumbukumbu za seva), na mstari wenyewe ulikuwa huu:

CHANZO=/var/l

Nikabonyeza, Vim ikajibu chini ya skrini kwamba haikupata kitu. Lakini /var/log ipo, ukipiga amri ya ls inayoorodhesha faili unaiona. Nikashuka mstari wa pili nikaandika /var/l peke yake, ikakamilisha papo hapo. Nikarudi juu nikaweka alama ya kunukuu kabla ya mkwaju (/) wa kwanza, CHANZO="/var/l, ikakubali vilevile. Basi folda haina tatizo, ruhusa hazina tatizo. Kinachozuia ni ile alama ya sawasawa (=).

Uzuri wa programu huria ni kwamba ukifika hapo huishii kulalamika. Kodi ya Vim iko wazi kwa kila mtu, na sehemu inayohusika imo kwenye faili la insexpand.c. Kuna kitanzi kinachorudi nyuma kutoka kwenye kishale, herufi moja moja, kikiuliza kila mara kama herufi hiyo inaweza kuwa ndani ya jina la faili. Inapofika herufi isiyoruhusiwa, hapo ndipo jina linahesabiwa kuanza. Orodha ya zinazoruhusiwa inatoka kwenye mpangilio uitwao isfname, na alama ya sawasawa imo tangu kiwandani. Kwa hiyo Vim ilikuwa inatafuta folda iitwayo CHANZO=, ambayo kweli haipo. Alama ya kunukuu haimo kwenye orodha, ndiyo maana ilikata mambo mahali panapofaa.

Dawa yake ni mstari mmoja ndani ya .vimrc, faili la mipangilio ya Vim:

set isfname-==

Usishangae kuona alama mbili mwishoni. Ya kwanza pamoja na kistari inasema "ondoa", ya pili ndiyo inayoondolewa. Baada ya hapo CHANZO=/var/l ilikamilika bila ubishi, na hata amri ya gf, ile ya kufungua faili lililo chini ya kishale, ikaanza kufanya kazi kwenye mistari ya aina hiyo. Majina yenye nafasi ni habari nyingine, maana nafasi haimo kwenye orodha. Kuna wanaoshauri kuongeza nafasi kwa set isfname+=32, lakini mimi sishauri, maana ukiandika cat /var/l, Vim itadhani "cat" nayo ni sehemu ya jina.

Nyaraka za ndani za Vim ndizo zinazonifanya niipe alama za juu. Ukiandika :help isfname unapata maelezo kamili bila intaneti, jambo kubwa ukiwa kwenye seva iliyofungiwa. Na humohumo, ukiandika :help uganda, utakuta kitu ambacho sijakiona kwenye programu nyingine. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa Vim mwaka 1991 na kuisimamia hadi alipofariki Agosti 2023, alijitolea kufanya kazi Kibaale, kusini mwa Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Hakudai malipo ya Vim. Aliwaomba watumiaji wakiipenda wachangie watoto wa kituo cha Kibaale, eneo lililopoteza wazazi wengi kwa UKIMWI. Nami ninayeishi upande huu wa mpaka, maneno hayo hunigusa kila yanapotokea kwenye skrini ya kufungulia.

Sasa lawama. Ukiondoa alama ya sawasawa, folda zinazoibeba kwa haki hazikamilishwi tena. Watu wa data wanazijua, zile za mtindo wa mwaka=2024/mwezi=03. Ungetaka basi uiondoe kwenye skripti tu na kuiacha kwingine, lakini isfname ni mpangilio wa programu nzima. Hata ukiubadilisha kwa setlocal, amri ya kubadilisha faili moja tu, unabadilika kila mahali. Mimi nazunguka kwa mistari miwili, wa kwanza unaiondoa alama ukiingia kwenye faili la .sh, wa pili unairudisha ukitoka:

autocmd BufEnter *.sh set isfname-==
autocmd BufLeave *.sh set isfname+==

Inafanya kazi, ila ni kiraka, na skripti isiyo na .sh mwishoni haipati faida. Kwa mtu anayeandika skripti kila siku, Vim bado ndiyo chaguo langu la kwanza, nyota nne kati ya tano. Ya tano nitaitoa siku isfname itakapoweza kuwekwa kwa kila faili peke yake.